Fundi Aliamua Nini? Utangulizi wa Ubunifu wa Pwani ya Waswahili

Anayeingia kwa mara ya kwanza katika nyumba ya kale ya mawe mjini Lamu huuona wembamba wa vyumba kabla hajaiona nakshi. Chumba ni kirefu, pengine kirefu sana, lakini upana wake hauzidi mita tatu hivi. Wageni wameueleza wembamba huo kwa sababu za kila aina: sitara, joto, mila za wenyewe. Sababu ya kwanza iko darini. Dari ya nyumba hizi ni ya mawe na chokaa, nzito kwelikweli, na inabebwa na boriti za mikoko. Mkoko ulionyooka, wenye unene wa kubeba uzito huo, ni shida kuupata ukishazidi urefu fulani, na boriti ikiwa ndefu mno hupinda. Basi kipimo cha chumba kilikwisha kukatwa msituni kabla msingi haujachimbwa.

Fundi alibaki na uamuzi: kama nyumba haiwezi kutanuka, iende wapi? Akaipeleka mbele. Akapanga vyumba kimoja nyuma ya kingine, kuanzia daka, yaani kibaraza cha mlangoni, na kiwanda, yaani ua, kupita misana miwili, zile kumbi za mbele, hadi ndani, na kila alipovuka ukuta akainua sakafu kidogo. Anayesimama kiwandani huiona nyumba ikipanda na kuzama kivulini mpaka ukuta wa mwisho wenye zidaka. Udhaifu wa mti umegeuzwa kuwa fahari ya nyumba.

Boriti hizohizo zilisafiri. Kwa karne nyingi majahazi yalizipakia katika delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu, yakangoja kusi, yakazipeleka Ghuba, kwenye nchi zisizo na misitu ya kujengea. Tazama ramani za nyumba za kale za Bahrain, Kuwait au Muscat, na utakutana na wembamba uleule wa vyumba. Katika yote niliyokutana nayo kwenye uwanja huu, hili ndilo ninalolipenda kuliko jingine lolote. Watu wamebishana kwa miaka mingi kama nyumba ya Mswahili ilinakiliwa kutoka Uarabuni, na wakati wote huo mikoko ya Rufiji ilikuwa juu ya vichwa vya Waarabu, ikiwapimia wao vyumba vyao vya kukalia wageni.

Nimeanza na boriti kwa sababu ndani yake mna njia nzima ya kazi ninayotaka kukukaribisha. Uwanja huu unahusu vitu vilivyotengenezwa na watu wa Pwani, kutoka Lamu na visiwa vyake, Mombasa, Pemba na Unguja hadi Kilwa, na namna vitu hivyo vilivyofikiriwa kabla ya kutengenezwa. Nyumba, mlango, kiti, kanga, mkeka, kofia: kila kimoja ni mkusanyiko wa maamuzi. Mtu fulani alikuwa na malighafi hii na si ile, zana hizi, mteja huyu, muda huu, akaamua. Mwanafunzi wa ubunifu huurudisha uamuzi ule nyuma hatua kwa hatua mpaka aone njia zilizokuwa wazi mbele ya fundi, na kwa nini alishika hii.

Swali hili, fundi aliamua nini na kwa nini, ni changa kuliko linavyoonekana. Kwa muda mrefu lililotawala lilikuwa jingine: kitu hiki kimetoka wapi? Waandishi wa enzi ya ukoloni walipoona ukuta mzuri wa mawe, walitafuta Mwajemi au Mwarabu aliyeujenga. Wachimbaji wa mwanzo wa magofu waliurithi mtazamo huo. Mabadiliko yalikuja pole pole. Usam Ghaidan, msanifu majengo, aliipima Lamu nyumba kwa nyumba na kuchapisha uchunguzi wake mwaka 1975. James de Vere Allen, aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Lamu, aliandika juu ya nakshi za lipu na milango kwa jicho la mtu anayezijua zana. Linda Donley aliingia ndani zaidi, akawauliza wenye nyumba kila chumba kilitumika kwa nini, nani aliruhusiwa kufika wapi. Kisha Mark Horton akachimba Shanga, kisiwani Pate, na chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti mingine, mmoja juu ya mwingine, ya chini kabisa ikiwa ya miti na udongo, ya karne ya 8. Jengo la mawe lilikuwa limekua palepale, kizazi kwa kizazi, mikononi mwa watu waliokuwa wakijenga kwa miti.

Ushahidi wa Shanga umelipa jibu swali la asili kwa kiasi cha kutosha, na sioni haja ya kulirudia milele. Pwani ilipokea mengi: kaure za China, misaji ya India, herufi za Kiarabu, vitambaa vya Manchester. Asiyepokea ni nani? Kazi yenye utamu huanza pale kitu kilipokwisha kufika bandarini na mtu wa hapa akakigeuza mkononi akifikiria afanye nacho nini.

Chukua zidaka. Katika nyumba za Lamu na Pate za karne ya 18, ukuta wa mwisho wa chumba cha ndani hujaa vishubaka vya lipu vilivyopangwa safu juu ya safu, vingine virefu, vingine vifupi, vimezungushiwa michoro iliyokatwa kwa kisu katika chokaa. Humo zilipangwa sahani na bakuli za kaure. Donley alielezwa kwamba vyombo vile viliwekwa pia kuikinga nyumba na jicho baya, hasa kwa kuwa chumba hicho ndicho cha uzazi, na ndicho maiti ilimooshewa. Maelezo hayo yana uzito wake. Lakini simama mbele ya ukuta ule adhuhuri, mlango ukiwa wazi. Chumba hakina dirisha. Mwanga wote unatoka kiwandani, umeshapita misana miwili, umechoka. Ukuta laini mweupe ungeunyonya ukawa kijivu. Fundi ameuvunja uso wa ukuta kwa mamia ya kingo, na michoro ameikata kwa mshazari ili kila mkato ushike mwanga upande mmoja na kivuli upande wa pili. Kaure zenye kung'aa zikamalizia kazi. Ni mtambo wa kugawa mwanga mdogo.

Fahari ya zidaka ilijulikana vizuri kwa watu wa wakati ule, na ushahidi wetu bora ni wa mshairi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, alipotaka kuonyesha jinsi ukwasi wa Pate ulivyotoweka, aliyataja madaka ya ukutani yaliyowekewa vyombo vya kaure na namna ndege wanavyolelea makinda humo. Alijua msomaji wake ataumia akiliona hilo. Hii ndiyo sababu namshauri kila anayeingia uwanjani asome tenzi sambamba na vipimo vya majengo: washairi waliishi ndani ya vitu hivi, walivigusa, na waliogopa kuvipoteza.

Mawe na chokaa navyo vina kisa chake. Mafundi walitofautisha mawe ya mwamba mkavu, magumu na yenye matundu, yaliyofaa kwa kuta, na matumbawe yaliyokatwa baharini yangali hai, laini ya kuchongeka kama jibini mbichi, ambayo huwa magumu yakikauka. Husuni Kubwa ya Kilwa, ikulu ya Sultani al-Hasan ibn Sulaiman ya mwanzoni mwa karne ya 14, yenye birika lake la pembe nane, ilipambwa kwa matumbawe ya namna hiyo. Mafundi wa Lamu wa karne ya 18 walihamia kwenye lipu. Mkononi, tofauti ni kubwa. Tumbawe humpa mchongaji muda, na kazi yaweza kuachwa leo na kuendelezwa kesho. Lipu humharakisha: lazima ikatwe kabla haijashika. Nakshi za zidaka zina mistari mirefu isiyositasita kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kusitasita.

Kwenye milango wasomaji wengi watakuwa na hadithi tayari. Wameambiwa kwamba samaki ni uzazi, mnyororo ni ulinzi, mtende ni neema, yungiyungi ni kadhalika. Pengine baadhi yake ni kweli. Hata hivyo kamusi hizi za alama hupita kinywa kwa kinywa miongoni mwa watembeza wageni, na zikishamezwa humfanya mtazamaji aache kutazama: akishataja samaki, anaondoka. Naomba tuutazame mlango wenyewe.

Nakshi nzito ziko kwenye miimo, kwenye kizingiti cha juu, na kwenye mfaa, ule mhimili wa katikati unaofunika maungio ya mabamba mawili. Mabamba yenyewe mara nyingi hayana mchongo. Yana njumu za shaba tu, au hata hizo hayana. Kwa nini pesa zote ziende kwenye fremu? Kwa sababu mabamba hufunguka kwa ndani, na nyumba ya heshima mchana haikai mlango umefungwa. Wapita njia huona fremu saa zote. Bamba huliona usiku. Mchongaji alijua jicho litakuwa wapi na saa ngapi. Kizingiti cha juu, kilicho juu ya kichwa cha anayeingia, ndicho kilichopewa maandishi: aya, jina la mwenye nyumba, mwaka.

Ukishazoea kutazama hivi, milango huanza kusema nyakati. Ya zamani Unguja ina vizingiti vilivyonyooka. Wakati wa Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, kizingiti chenye upinde na majani yanayojisokota, kwa mtindo wa Gujarati, kilipendwa mno na matajiri wa Mji Mkongwe. Siyu walikuwa na mtindo wao wa michoro ya kijiometri iliyopakwa nyekundu, nyeusi na nyeupe. Mbao nazo zinasema: msaji ulitoka India kwa bahari, mbambakofi ulitoka misitu ya bara karibu, na patasi haipiti sawa katika miti hiyo miwili. Beit al-Ajaib, jumba la Barghash lililojengwa mwaka 1883, lilikuwa na milango iliyobeba aya zilizopakwa dhahabu. Sehemu ya jengo hilo ilipoporomoka Desemba 2020, wengi wetu tulilia kama tuliofiwa, na wanaolirejesha wanahitaji maarifa haya haya ya mbao, chokaa na boriti kuliko wanavyohitaji maelezo ya alama.

Nakshi hizi zilikuwa na wenyewe. Mmoja tunamjua vizuri: Muhammad bin Abubakar Kijuma wa Lamu, aliyeishi takriban 1855 hadi 1945. Alichonga milango, akatunga mashairi, akapiga muziki, akanakili miswada ya tenzi kwa hati nzuri ya Kiarabu, na kazi zake za kalamu ziko hadi leo London, katika mkusanyo wa SOAS. Mkono uliokata mfaa ndio uliopinda herufi. Ningependa kuona mwanafunzi mmoja, mwenye subira, akiweka picha za milango ya Lamu na kurasa za Kijuma mezani pamoja kwa mwaka mzima. Nina hakika mikunjo itafanana mahali ambapo bado hakuna aliyepataja.

Sasa kanga. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa kila msomaji anayo nyumbani na huenda hajawahi kuitazama kama kazi ya mbunifu.

Katika karne ya 19 kitambaa cha watu wengi Pwani kilikuwa merikani, pamba isiyotiwa rangi kutoka viwanda vya Massachusetts, na kaniki, iliyotiwa nili. Vilikuwa pia vazi la watumwa. Kisha wanawake wa mijini wakaanza kununua leso, vile vitambaa vya mraba vya mkononi vilivyokuja vimeunganika katika jora, wakakata sita, wakavishona tatu juu na tatu chini, wakapata nguo ya kujifunga. Wafanyabiashara walipoona, wakaagiza nguo nzima iliyopigwa chapa kwa kipande kimoja. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria Unguja mwaka 1897, walioachwa huru waliitupa kaniki na kujitanda rangi. Mwanahistoria Laura Fair ameeleza vizuri jinsi nguo hii ilivyokuwa tamko la uraia mpya.

Mtunzi wa mfano wa kanga alikuwa wapi? Mara nyingi alikuwa Ulaya: Manchester, au Helmond kule Uholanzi katika kiwanda cha P.F. van Vlissingen, baadaye Japani na India. Alichora kwa ajili ya wanawake asiowahi kuwaona. Lakini usidhani yeye ndiye aliyeongoza. Mtindo ulibadilika upesi mno Unguja na Mombasa, na mfano uliokataliwa sokoni ulimfia mfanyabiashara mkononi. Mawakala walituma habari na michoro kwa meli: rangi hii wameichoka, wanataka korosho kubwa zaidi, pindo liwe pana. Nani basi mbunifu wa kanga? Namhesabu yule mwanamke aliyeikataa kanga ya mwezi uliopita.

Tazama sasa muundo wake. Pindo huzunguka pande zote nne, mji uko katikati, jina chini ya mji karibu na pindo la chini. Muundo huu umetulia kwa zaidi ya karne, kupitia viwanda vya mabara matatu, hadi kiwanda cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968. Haukutulia hivyo kwa mazoea. Kanga haina mshono wala kipimo cha mvaaji. Yaweza kufungwa kiunoni, kifuani, kutandwa kichwani, kubebea mtoto. Kila inavyofungwa, ukingo fulani huangukia mbele ya mwili na mwingine miguuni, na kwa kuwa pindo liko pande zote, nguo daima inaonekana imemalizika. Jina nalo, kanga ikifungwa kiunoni au kutandwa mabegani, huangukia mgongoni. Msomaji wake ni yule aliyeachwa nyuma: jirani aliyekwisha kusalimiwa, mke mwenza anayefuata njia hiyohiyo, mume anayebaki kibarazani. Mvaaji anasema huku anaondoka. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye duka lake la mwaka 1887 linajulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, ndiye anayetajwa sana kwa kuyaingiza majina hayo katika kanga, kwanza kwa herufi za Kiarabu. Aliyechagua mahali pa kuyaweka alielewa mwendo wa mwili wa mtu.

Madagaska nao wana nguo ya jamaa hiyo, lambahoany, yenye pindo na maneno ya Kimalagasi. Nani alimfunza mwenzake, na kwa meli zipi, ni somo zuri kwa anayetafuta mada.

Kuhusu mikeka yameandikwa machache mno, kwa sababu wasusi ni wanawake na malighafi ni ya bure, na hilo ni deni letu. Miyaa huchanwa, hukaushwa, hutiwa rangi kwa kuchemshwa, kisha husukwa ukili: ukanda mwembamba, mrefu mita nyingi, unaokaa katikati ya vidole. Kanda hizo hushonwa ubavu kwa ubavu ndipo mkeka unapopata upana. Kwa hiyo msusi wa Pemba anayetaka mraba mwekundu katikati ya mkeka husuka vipande vya mraba huo katika ukanda ambao bado haufanani na mkeka, akihesabu kichwani vitakutana wapi siku ya kushona. Ni tatizo lilelile la boriti za Lamu: kipimo chembamba kisichobadilika, na akili inayokipanga mpaka kizae upana. Kofia za vito zina hesabu ya jamaa hiyo, vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi kufuata mchoro wa penseli, vikipitisha hewa na kujenga ua kwa wakati mmoja.

Uwanja huu haukufungwa na mwisho wa karne ya 19. Beda Amuli, miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kusomea usanifu majengo, alipopewa soko la Kariakoo la Dar es Salaam katika miaka ya 1970, alikuwa na jua kali, mvua za masika, na umati wa watu wanaohitaji kivuli na hewa bila kuta. Alisimamisha miavuli mikubwa ya zege, kila mmoja juu ya nguzo yake, iliyopinduka kuelekea juu ili ipokee mvua, na maji yakashushwa kupitia nguzo hadi hifadhini chini ya ardhi. Moto wa Julai 2021 uliliumiza jengo hilo vibaya, na ndipo wengi walipoinua macho na kuona paa ambalo walikuwa wamepita chini yake maisha yao yote wakitafuta vitunguu.

Kwa anayeanza, sina masharti ya shahada. Nenda na penseli, daftari na utepe wa kupimia. Picha ya simu inasaidia kumbukumbu, ila mchoro wa mkono hukulazimisha kuamua mstari unaanzia wapi, na hapo unakutana na fundi. Pima kwa mita, kisha pima tena kwa shibiri na dhiraa, kwa kuwa mafundi wa kale walitumia miili yao, na mara nyingi namba inayoonekana ya ovyo kwa sentimita hutokea kuwa kamili kwa mkono. Makumbusho ya Lamu, pamoja na nyumba ya karne ya 18 iliyo chini ya usimamizi wake, ni darasa bora. Ngome ya Yesu Mombasa inafuata. Kabati la nguo la bibi yako linaweza kuyashinda yote mawili, mradi umwombe ruhusa na ukae asimulie kila kanga aliinunua lini na alimvalia nani.

Upungufu mkubwa wa taaluma hii ni majina ya watu. Vibao vya makumbusho vingi vinasema Pwani, karne ya 19, basi, kana kwamba pwani ilishika patasi. Waliokufa wametuponyoka, isipokuwa wachache kama Kijuma. Waliopo hawajatuponyoka. Kuna wachongaji Lamu wanaofanya kazi leo, wasusi Pemba, wachoraji wa mifano ya kanga ambao majina yao hayapigwi chapa popote kwenye nguo. Kaa na mmoja wao siku nzima. Andika jina lake kwa idhini yake, mahali, tarehe, aliyemfundisha, zana anazozitengeneza mwenyewe, na mfano aliouanza akauacha, kisha muulize: ubao huu ungezidi upana kwa shibiri moja, ungefanya nini?